Mama yake Amuro na roboti la yeni 300

Jana usiku niliirudia sehemu ya 13 ya Mobile Suit Gundam, ile katuni ya Kijapani ya mwaka 1979, na leo kutwa haijanitoka kichwani.

Kwa asiyeijua: Amuro Ray ni kijana wa miaka 15 anayeendesha Gundam, roboti jeupe la kivita. Anapata nafasi ya kwenda kumtafuta mama yake, ambaye hajamwona tangu baba yake alipomchukua kwenda kuishi anga za juu. Nyumba yao anaikuta imegeuzwa kijiwe cha walevi, tena askari wa upande wake mwenyewe. Mama yuko kwenye kambi ya wakimbizi, anahudumia watu. Adui wanapopita kukagua, Amuro anajilaza kitandani na kujifunika kama mgonjwa. Kifaa chake cha mawasiliano kinalia, askari anasogea amfunue, naye anafyatua risasi akiwa bado chini ya shuka. Unadhani mama atamkumbatia? Anamlaumu. Anamwangalia kama mtoto wa mtu mwingine. Wanapoagana, kijana anampigia saluti. Saluti, kwa mama aliyemzaa! Kisha anaondoka zake, mama anabaki analia.

Na hii ilikuwa katuni iliyotengenezwa ili watoto wanunuliwe vidude vya kuchezea.

Kabla yake njia ilikuwa imeshachongwa na Mazinger Z ya Go Nagai, 1972, iliyomweka rubani ndani ya roboti lenyewe. Lakini roboti la enzi zile lilikuwa shujaa: liko moja tu duniani, na kila wiki linaletewa dubwana jipya la kupigana nalo. Yoshiyuki Tomino, mwongozaji wa Gundam, alishaanza kuichokoa habari hiyo mwaka 1977 kwenye Zambot 3, ambamo raia wanawachukia mashujaa kwa kuwaletea vita mlangoni. Ndipo ikaingia Starship Troopers, riwaya ya Robert Heinlein yenye askari wanaovaa mavazi ya chuma. Hapo roboti likawa zana ya jeshi kama kifaru: linatoka kiwandani, linaishiwa risasi, linahitaji mafundi. Hata yale makazi ya angani yenye umbo la pipa yana asili yake, ni mawazo ya mwanafizikia Gerard O'Neill wa Marekani.

Ninayempenda mimi ni Zaku, roboti wa upande wa Zeon, yaani adui, wa kijani, jicho moja, wanaotolewa kwa wingi na kufa kwa wingi. Kunio Okawara alipomchora huyo alikuwa ameamka vizuri.

Mdhamini alikuwa Clover, kampuni ya vichezeo, na mkono wake unaonekana wazi. Katikati ya hadithi linazuka dude linaloitwa G-Armor, la kubandikwa juu ya Gundam, halina kazi yoyote ya maana isipokuwa kuuzwa dukani. Halikuokoa kitu. Sehemu 52 zilizopangwa zikakatwa zikawa 43, na Januari 1980 mchezo ukaisha.

Kilichoifufua ni marudio ya televisheni, na Bandai. Julai 1980 Bandai walitoa Gundam ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, kipimo cha 1/144, kwa yeni 300, bei ambayo mwanafunzi aliimudu. Hapa ndipo ninapokwama. Hadithi inayomwonyesha mama akimlilia mwanawe aliyegeuka askari imeishi hadi leo kwa kuuza mfano wa silaha yenyewe, tena silaha nzuri ya kutamanisha. Mpwa wangu aliletewa moja. Alikata vipande kwenye fremu kwa kikata kucha, akavibana kimoja kimoja bila gundi, ulimi nje. Alikuwa amechagua Zaku. "Mjomba, huyu adui ndiye mkali," akaniambia. Nami nikamsaidia kubandika stika.

Waliorithi walichukua mashine kwanza. Katuni ya Macross ya 1982 ilichota humo, na miaka ya baadaye roboti zenye namba za jeshi zikawa jambo la kawaida. Aliyemkumbuka mtoto aliye ndani ya roboti, kwa maoni yangu, ni Hideaki Anno na Evangelion yake ya 1995, japo yeye aliigeuza vita ikawa ndani ya nafsi. Na mwaka 2025 watu wa studio yake, Khara, wakashirikiana na Sunrise, studio iliyotengeneza Gundam ya kwanza, kutengeneza Gundam mpya, GQuuuuuuX, inayouliza ingekuwaje kama Char, rubani hodari wa Zeon, angeiiba Gundam mapema. Mzunguko wa namna hiyo unanifurahisha kuliko sanamu ya mita 18 waliyoisimamisha Odaiba mwaka 2009, ingawa nikifika Tokyo na mimi nitapiga picha na ile iliyopo sasa, nisijifanye.

Anayetaka kuanza asiogope sehemu zote 43. Zipo filamu tatu za 1981 na 1982, na humo G-Armor imeondolewa kabisa. Mama yake Amuro yumo kwenye ya kwanza.