Kikwapa Kwanza: Siku Yangu Moja ya Kushona Mavazi ya Mchezo, Bagamoyo

Saa 11 na nusu alfajiri

Adhana inanikuta nimeshainamia sufuria. Jana usiku niliichemsha nusu kilo ya majani ya chai, nikatia chumvi kiganja kimoja, nikaloweka mita 12 za amerikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Nakamua pembe moja na kuinyanyua kwenye taa. Imeshika: kahawia ya vumbi la njiani. Magome ya mkoko yangenipa wekundu mzuri zaidi, lakini mikoko inalindwa na mimi sitaki kesi kwa ajili ya kanzu.

Nashona mavazi ya mchezo wa kuvaa uhusika. Si tamthilia. Hakuna jukwaa wala watazamaji. Kila aliyepo ni mhusika, na anabaki mhusika toka asubuhi mpaka jua lizame. Jumamosi hii vijana 14 wanacheza msafara wa mwaka 1880, unaojiandaa kuondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Siku ya kwanza kununua jora la amerikani, mwenye duka alinipa pole. Alidhani tumefiwa.

Saa 2 asubuhi

Nafungua kibanda. Nguo ya kwanza ni kanzu ya karani wa msafara.

Hapa niseme kilichonigharimu mwaka mzima kukijua. Nilipoanza nilikuwa nakata mikono kama ya shati la ofisini, imebana vizuri begani, inapendeza mtu akisimama. Basi. Akiinua mkono kumwita mwenzake, nguo yote inapanda hadi kitovuni. Akiinua mara ya kumi, kwapa limepasuka. Nikarudi kwa mzee aliyenifundisha kazi, nikamwonyesha. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kikwapa umekiweka wapi?"

Kanzu ya zamani ina badani mbele na nyuma, ina taharizi ubavuni za kuipanua kuelekea chini, na pale mkono unapokutana na ubavu panatiwa kipande kidogo cha pembe nne, ndicho kikwapa. Kinafunguka mkono unapopanda, kinajikunja unaposhuka. Mimi nilikuwa usiku kucha kwenye intaneti natafuta mikato ya Ulaya, na jibu limening'inia kwenye kamba ya kuanikia ya jirani!

Mikato ile ya Ulaya si mibaya, ila ilikatwa kwa watu wanaosikia baridi. Uingereza walikuwa wakicheza michezo hii ndani ya ngome ya Peckforton tangu mwaka 1982, na mvua yao na sufu yao na kofia zao za kufunika masikio. Mtu wa Bagamoyo ukimvika vile, utamzika.

Saa 4

Karani kaja kupima, na tajiri wa msafara pamoja naye.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Haya, inua mikono. Chuchumaa. Kaa kitako, inuka bila kushika chini. Kimbia mpaka kwenye ule mnazi."

"Kwani fundi tunaenda jeshini?"

Akirudi namwambia aende chooni na nguo hiyo hiyo, bila msaada wa mtu. Anaona aibu, lakini hilo ndilo pimo kubwa kuliko yote. Mwigizaji wa jukwaani anavaa nusu saa na anaonekana kwa mbali. Huyu atakula wali na nguo hii, atakaa mchangani, atatoka jasho kuanzia asubuhi.

Tajiri anataka joho la mahameli jeusi. Nakataa. Mwezi uliopita nilimshonea mwenzao joho lenye bitana ya satini, nikajisifu sana. Ilipofika saa 8 mchana kijana akaanza kuyumba. Tulimvua tukamlaza chini ya mwembe, tukamnywesha maji. Kosa langu lile, sina wa kumsingizia. Joho la safari hii ni pamba nyepesi isiyo na bitana, na fedha yake yote nimeimalizia kwenye utepe wa dhahabu unaozunguka shingo na kingo za mbele. Jicho la mtu linaishia hapo. Mgongoni nani anatazama?

Kila nguo ina mfuko wa siri ndani ya taharizi: simu, ufunguo, na kwa mmoja wao dawa ya pumu. Ina pia kipande cheupe cha kufunga kichwani. Ukikifunga, umetoka mchezoni. Hakuna atakayekusemesha kama mhusika.

Saa 7 mchana

Umeme umekatika. Cherehani yangu ni ya miguu, sijali. Wali, maharage, usingizi wa dakika 20.

Saa 9

Nakaa kibarazani na msasa, nachakaza magoti ya suruali mpya. Bibi wa vitumbua anapita, anasimama.

"We mjukuu wangu, nguo mpya unaikwangua?"

"Ndiyo bibi, ya mpagazi. Ametembea miezi mitatu."

"Na aliyeinunua anajua?"

Mizigo ya wapagazi nimeishona kwa tanga kuukuu nililouziwa na mabaharia pwani. Mpagazi wa kweli alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Yetu nimeijaza sufi, haifiki kilo mbili, ila nimeifunga kwa kamba ya katani iliyokazwa ili ionekane inaumiza. Majambia ni soli za ndala zilizobandikwa pamoja. Ndani hamna mti wala chuma.

Niliwahi kuombwa pia minyororo ya sponji. Nilikataa, na nimekataa tena wiki hii. Watu waliofungwa minyororo walipita kwenye mitaa hii hii ninayonunua nyuzi. Wanaotaka kulizungumza hilo mchezoni walizungumze kwa maneno. Mkono wangu hautashona.

Saa 11 jioni

Tunajaribu ufukweni. Maji yametoka, wavuvi wanatazama wanacheka, mmoja anapiga kelele kuuliza harusi ni ya nani. Karani anainua mikono juu kabisa kuhesabu mizigo. Anarudia. Natazama kwapa tu, sitazami kingine. Vikwapa vimeshika.

Kilichoshindwa ni kilemba cha tajiri: upepo wa bahari umekifumua mara mbili, na mara ya pili amekikanyaga. Nitakishonea juu ya kofia ili kivaliwe kama kofia. Wazee watanisema kwamba kilemba hufungwa, hakivaliwi. Wana haki, na bado nitakishona.

Na mpagazi mmoja kalowa hadi magotini. Rangi ya chai imemshukia miguuni, mistari mistari.

Saa 3 usiku

Sufuria iko jikoni tena. Chumvi safari hii viganja viwili, na siki kidogo. Nimefumua mshono wa kilemba, sindano naitafuta kwa tochi ya simu, na bado suruali tatu za kukwangua.