Vidole Vilivyoshika Kalamu Isiyokuwepo

Nimetoka chuoni sasa hivi, hapa Kisumu, na bado ninautazama mkono wangu wa kulia.

Tangu muhula uanze nimekuwa nikifundisha madarasa makubwa mchana na kusahihisha karatasi usiku, hata usingizi umekuwa haba.

Leo saa nane, mwenzetu wa idara alitukusanya wahadhiri wachache chini ya mwembe, mahali ambapo Ziwa Victoria linaonekana kwa mbali, akatuomba tunyamaze na kufuatilia pumzi zetu tu. Alitueleza kuwa zoezi hilo limetokana na mafunzo ya wiki 8 ya kupunguza msongo wa mawazo, ambayo mwanasayansi Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979.

Nilipofumba macho, niligundua kwamba vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana kana kwamba vimeshika kalamu nyekundu, ilhali kalamu niliiacha ofisini.

Nilivikunjua kimoja kimoja.

Machozi yakanilengalenga, na sioni haya kulisema.

Zoezi hili halipunguzi karatasi hata moja, na wanaotupangia kazi wasilifanye kisingizio.

Walimu wenzangu, ninyi uchovu mnaubeba wapi mwilini? Niandikieni hapa, nitasoma kila neno.