Upinde Hupimwa kwa Mvuto, Si kwa Kimo

Mwaka 2016, mrusha mishale Shehzana Anwar alipoibeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki mjini Rio de Janeiro, wengi wetu tulitambua kwa mara ya kwanza kwamba kulenga shabaha kwa upinde ni mchezo ambao Mkenya anaweza kuushindania mbele ya dunia nzima. Mimi nilianza miaka michache baadaye, nikiwa mtu mzima, kwa upinde wa kuazima. Ulikuwa upinde wa rikavu, ule ambao ncha zake zimepinda kuelekea kwenye shabaha, na urefu wake ulikuwa inchi 64. Hakuna aliyeniuliza mikono yangu ina urefu gani, wala mimi sikujua kwamba hilo ndilo lililopaswa kuwa swali la kwanza.

Kila nilipouvuta upote, yaani uzi wa upinde, hadi chini ya kidevu, vidole vyangu vitatu vilibanwa na kusukumwa pamoja, mshale ukachezacheza kwenye kishikizo chake, na inchi ya mwisho ya kuvuta ikawa nzito kupita zote zilizoitangulia. Niliambiwa nilegeze vidole, nikalegeza. Nikaambiwa nifanye mazoezi ya bega, nikafanya kwa miezi mitano. Kasoro haikuwa begani. Mvuto wangu, yaani umbali ninaouvuta upote, ni inchi 29 na nusu, na upinde ule ulikuwa mfupi kwangu kwa inchi 6.

Sababu yake ni ya kimaumbile na inaeleweka ukiutazama upinde kutoka ubavuni. Upinde mfupi ukivutwa sana, upote hujikunja kwenye vidole kwa pembe kali, na pembe hiyo ndiyo inayovibana. Wakati huohuo mabawa yake, yaani vile vipande viwili vinavyopinda juu na chini ya mshiko, yanakuwa yamekaribia mwisho wa uwezo wao wa kupinda, kwa hiyo uzito wa kuvuta huongezeka kwa kasi badala ya kupanda taratibu. Kuna athari nyingine ambayo sisi warefu huchelewa kuigundua: upote wenye pembe kali hukimbia mbali na uso, nawe unakosa kuugusisha kidevuni na kwenye ncha ya pua kwa pamoja, ilhali miguso hiyo miwili ndiyo inayotuhakikishia kwamba kila mshale umetolewa mahali palepale. Katika Olimpiki shabaha husimamishwa mita 70 kutoka kwa mlengaji, na duara la alama 10 lina kipenyo cha sentimita 12.2. Kwa umbali huo, kidole kimoja kinachochelewa kuachia kinatosha kuupeleka mshale nje.

Basi mvuto hupimwaje? Njia ya haraka ni kunyoosha mikono yote miwili kama msalaba, kupima kutoka ncha ya kidole kirefu cha mkono mmoja hadi cha mwingine, kisha kugawanya kwa 2.5. Mikono yangu ina inchi 74, na jibu ni 29.6, karibu sana na kweli. Hata hivyo hayo ni makadirio, na mtu asinunue upinde kwa makadirio peke yake akiwa na nafasi ya kupima vizuri. Chukua upinde mwepesi na mshale mrefu kuliko unaohitaji, vuta hadi mwisho kwa mkao wako wa kawaida, na mwenzako atie alama kwenye wano, yaani kijiti cha mshale, palipo sawasawa na sehemu ya ndani kabisa ya mshiko, pale kiganja kinapoegemea. Pima kutoka pale upote unapoingia mkiani mwa mshale hadi kwenye alama hiyo, halafu ongeza inchi 1 na robo tatu, kwa sababu ndivyo watengenezaji wa pinde walivyokubaliana kuuhesabu mvuto. Kwangu alama ilikuwa inchi 27 na robo tatu. Asiyejua nyongeza hiyo huenda dukani na kipimo pungufu, akarudi na upinde mfupi.

Kwa mvuto usiozidi inchi 24, upinde wa inchi 62 au 64 unafaa. Inchi 25 na 26 huenda na upinde wa 66, inchi 27 na 28 huenda na 68, na kuanzia 29 ni 70, hadi wale wenye 31 na zaidi ambao hutafuta 72. Makocha hutofautiana kidogo kwenye mipaka. Mimi nikiwa mpakani huchagua mrefu, kwa kuwa hauvibani vidole na husamehe makosa madogo, ingawa mshale wake huenda polepole kidogo.

Pinde nyingi za mashindano hufunguka vipande vitatu, na hapo pana unafuu mkubwa. Kipande cha kati cha inchi 25 kikifungwa mabawa mafupi hutoa upinde wa 66, ya wastani hutoa 68, na marefu hutoa 70. Mtu anaweza kubakiza kipande chake cha kati na kubadilisha mabawa tu.

Jambo ambalo ningependa kila mzazi alisikie ni kwamba namba ya uzito wa kuvuta iliyoandikwa kwenye bawa ni ya mvuto wa inchi 28. Kwa pinde za ratili (pauni) 30 hadi 40, kila inchi inayozidi au kupungua hubadilisha uzito kwa takriban ratili 2, na kwa pinde nyepesi badiliko hilo ni dogo kuliko hapo. Binti yangu alipewa upinde wa inchi 68 wenye ratili 20, akaambiwa ataukulia kama sare ya shule. Mvuto wake wakati huo ulikuwa inchi 24, kwa hiyo alikuwa akivuta ratili zisizozidi 15, mabawa hayakupinda vya kutosha, na mishale ilidondoka kabla ya kufika mita 18. Alilia, akasema hana nguvu. Iliniuma sana, kwa sababu mtoto yule alikuwa akivuta vizuri kuliko mimi.

Sasa anatumia upinde wa inchi 64, na mishale yake imebaki mirefu kuliko mvuto wake kwa inchi 2, ili hata akirefuka ghafla ncha isije ikarudi nyuma ya mshiko na kumjeruhi mkono. Mimi humpima kila baada ya miezi mitatu, kwa mshale uleule wenye alama za kalamu. Mvuto wake wa mwezi uliopita umefika inchi 25 na robo, na tayari nimeanza kuulizia mabawa ya wastani ya kipande cha kati cha inchi 23, ambayo yatampa upinde wa 66.