Nyumba iko Nguba, hesabu inaulizwa Ottawa

Yaya, kaka yangu mkubwa, alinipigia simu Machi 2024, usiku. “Mdogo wangu, nitumie kodi yote ya nyumba tangu Januari ya mwaka jana.” Asubuhi nikapiga picha ile risiti ya kodi tuliyolipa mwezi wa pili kwenye ofisi ya mapato ya mkoa, nikamtumia kwa WhatsApp. Kumbe alitaka pesa ya mpangaji! Sisi Bukavu tunasema pesa ya nyumba. Yeye huko Ottawa anakaa na Wakenya, na Kiswahili chake kimeshahama. Ila ile risiti niliyotuma kwa makosa ilikuja kumfaa.

Alifika Kanada tarehe 4 Septemba 2023 na mke wake na watoto wawili. Nilidhani kodi ya huko ni ya mshahara tu, ambayo mwajiri anaikata mwenyewe. Sivyo. Ukishaweka makao, una nyumba na familia pale, wanakuhesabu mkaaji, na tangu siku hiyo unaandika pato lako la dunia nzima. Hata dola 300 za Marekani za kila mwezi za nyumba yake ya Nguba, mtaa wa hapa Bukavu, ambazo hazijawahi kuvuka mto Ruzizi na zinamnunulia mama dawa, zinaandikwa. Nikamuuliza, hizo zinawahusu nini? Akanijibu kwamba hawaulizi pesa imefika wapi, wanauliza ni ya nani.

Siku ya mwisho ya kutuma fomu ya kodi ilikuwa 30 Aprili. Anayedaiwa akichelewa, faini ni asilimia 5 ya deni, kisha asilimia 1 kwa kila mwezi unaopita. Kuna watu wa kujitolea wanaowajazia wageni fomu bure, lakini waliposikia habari za nyumba ya kupangisha wakamrudisha: wao hufanya faili nyepesi. Ikabidi amlipe mhasibu, na mhasibu alitaka karatasi. Karatasi zenyewe zilikuwa kwangu, yaani daftari moja la shule lenye tarehe na saini za mpangaji.

Miezi minane ya kwanza ilikuwa rahisi, dola 2,400. Hizo Kanada haizitozi, kwa sababu zilipatikana kabla hajafika, lakini lazima zitajwe, maana wanaziangalia wanapopima msaada wa watoto. Septemba mpangaji alilipa tarehe 6. Shida ikaanza Oktoba. Alikuwa anajiandaa kuhama, akaacha kulipa, akala garanti yake ya miezi mitatu, ile amana aliyoiweka alipoingia, kama wapangaji wengi wa hapa. Kwenye daftari langu miezi hiyo ilikuwa mitupu, na mimi nikataka kumwandikia yaya kwamba hakuna kilichoingia. Mhasibu akakataa. Garanti ikikaa tu, ni mali ya mpangaji. Siku inapogeuka malipo ya mwezi, ni pato. Kwa hiyo miezi minne kamili, dola 1,200. Kwa bei ya wastani ya kubadilisha dola ya Benki Kuu ya Kanada ya mwaka ule, 1.3497, zikawa dola za kule 1,619 na senti.

Nilizunguka siku mbili huko Kadutu, upande mwingine wa mji, kumtafuta yule mpangaji, aandike kwamba garanti ililiwa na haturudishiani kitu. Alidhani nimekuja kumdai. Fundi aliyebadilisha mabati Novemba naye akasaini karatasi ya dola 140, zikaondolewa kwenye pato.

Na ile risiti ya mkoa? Kodi uliyolipa nje juu ya pato lile lile inapunguza ya kwao, ukiwa na ushahidi. Yetu ilikuwa ya mwaka mzima, kwa hiyo walimhesabia theluthi tu, ile miezi minne. Ilikuwa kwa Kifaransa, hakuna aliyedai tafsiri. Kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba nilipanga foleni pale.

Mhasibu akaagiza jambo moja zaidi: tuandike thamani ya nyumba ilivyokuwa tarehe 4 Septemba, ili yaya akiiuza siku moja ahesabiwe faida ya kuanzia hapo tu. Hiyo nilimwachia baba mdogo, anayejua bei za viwanja kuliko mimi.

Fomu ilitumwa tarehe 22 Aprili. Mpangaji mpya nilimpokea na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, na garanti ina ukurasa wake. Aliniuliza kama siku hizi nafanya kazi ya serikali.