Ripoti hii namwandikia nani?

Wiki hii tunafunga mradi. Ofisini kuna maboksi ya mafaili, kuna orodha ya vifaa vya kukabidhi, na kuna ripoti ya mwisho ambayo mfadhili anaitaka kabla mwezi haujaisha. Kiolezo cha ripoti kimekuja na vichwa vyake tayari, na karibu na mwisho kipo kimoja kinachosema "Mafunzo Tuliyoyapata", kimepewa ukurasa mmoja na nusu. Nimekaa na ukurasa huo tangu juzi. Ya kuandika ninayo, tena mengi, lakini karibu yote hayakai pale. Kiolezo kimetengenezwa kwa ajili ya msomaji aliyelipa. Ninayotaka kuyasema yanamhusu mtu atakayekuja baada yetu, ambaye ripoti hii hataiona.

Kwa wasionijua, nafanya ufuatiliaji na tathmini kwenye miradi ya maji vijijini. Mradi huu ni wa maji ya mserereko, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Bomba kuu linateremka kutoka chanzo mlimani, linashuka bondeni, linapanda kilima kimoja, kisha linaingia kwenye tenki la kijiji. Michoro yetu ni mizuri, nasema hivyo kwa dhati. Kila valvu ina namba yake na kila chemba imepimwa kwa GPS. Jambo moja halimo kwenye michoro hiyo: utaratibu wa kulijaza bomba upya baada ya matengenezo.

Bomba likikatwa ili litengenezwe, linajaa hewa. Ukilirudishia maji kwa pupa, hewa inanasa pale juu ya kilima, maji yanakuja nyuma yake kwa kishindo, na bomba linapasuka, pengine mbali kabisa na pale ulipoziba. Fundi wa kijiji, mzee mmoja mpole sana, ana namna yake. Kwanza anashuka bondeni kufungua koki ya kutolea tope. Kisha anamweka kijana wake kilimani kwenye koki ya hewa, na simu mkononi. Yeye anapanda chanzoni, anafungua valvu kuu kidogo tu, robo mzunguko, anakaa kwenye jiwe. Koki ya bondeni ikianza kutoa maji safi, mtu aliyeachwa pale anaifunga. Kilimani koki ya hewa inakohoa, inatema matone, inakohoa tena. Ikiacha kukohoa na kutoa maji mfululizo, kijana anapiga simu, na hapo ndipo mzee anaongeza mzunguko mwingine. Inaweza kuchukua nusu siku. Nilikaa naye kwenye jiwe lile asubuhi nzima, na nilipomuuliza kama amewahi kumwandikia mtu mambo haya, alinijibu bila kinyongo: "Mwanangu, wahandisi wakija wananiuliza bomba ni inchi ngapi. Hili la kusikiliza hajaniuliza mtu."

Mtu anaweza kusema dawa ni rahisi: muulizeni, mwandike, mwisho. Kwa mambo mengi ni kweli, na ni aibu kwamba hatufanyi hata hilo. Ila kuna kisa cha Marekani kinachonifanya niamini kwamba kuuliza siku ya mwisho hakutoshi. Ni kisa cha silaha za nyuklia, nami sizipendi, lakini sijapata kingine kinachoonyesha jambo hili waziwazi hivi.

Tangu 1975 hadi 1989, huko Oak Ridge katika jimbo la Tennessee, kiwanda kimoja kilitengeneza kitu cha siri kinachoitwa Fogbank, ambacho kinaingia ndani ya kichwa cha kombora aina ya W76. Uzalishaji ukasimama na watu wakastaafu au wakahamia kazi nyingine. Mwaka 2000 mpango wa kuvikarabati vichwa vile ulipoanza, ikaonekana kwamba ujuzi wa kutengeneza Fogbank umepotea. GAO, ofisi inayolikagulia Bunge la Marekani matumizi ya serikali, iliandika mwezi Machi 2009 kwamba kumbukumbu za utengenezaji zilizowekwa miaka ya 1980 zilikuwa chache, na karibu wataalamu wote walikuwa wameshaondoka. Mamilioni ya dola yakatumika na mradi ukachelewa. Wakajenga kiwanda kipya, wakafuata nyaraka zilizokuwepo, na bado bidhaa haikutoka sawa na ile ya zamani.

Kilichokuja kugundulika baadaye ndicho kinachoninyima usingizi. Malighafi ya zamani ilikuwa na uchafu fulani, na uchafu ule ulikuwa wa lazima ili bidhaa itoke inavyotakiwa. Njia ya kisasa ya kusafisha malighafi ilikuwa inauondoa. Wale wa zamani wenyewe hawakujua kwamba unahitajika. Kwa hiyo hata kama mtu angekaa nao siku ya kuagana, akawauliza kwa uvumilivu wote, wasingelitaja jambo hilo, maana halikuwa na jina kichwani mwao. Lilikuwa ndani ya kazi yenyewe. Kama uzalishaji usingekatika, au kama wa zamani na wa sasa wangepata muda wa kufanya kazi pamoja, walau mtu angeuliza mbona bidhaa ya leo haifanani na ya jana.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia "tutafanya semina ya kukabidhi maarifa" moyo hautulii. Semina ya siku mbili hotelini, posho, projekta, picha ya pamoja. Mzee wa koki hakualikwa kwenye semina yetu, na hata angealikwa, kilima hakiwezi kuletwa ukumbini. Anachokijua kinaonekana maji yanapopita tu.

Mfano unaonipa matumaini ni wa mafundi wa mashine za fotokopi. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Julian Orr aliwafuata mafundi wa kampuni ya Xerox kazini mwao. Kampuni ilikuwa imewapa vitabu vya maelekezo: ukiona hitilafu hii, fanya hiki, kisha kile. Alichokiona Orr ni kwamba hitilafu ngumu hazikutatuliwa na vitabu. Mafundi walikuwa wakikutana, mara nyingi wakati wa kula, na kupeana visa. Mashine ya mteja fulani ilinisumbua hivi, nikadhani ni hiki, kumbe ni kile. Katika visa hivyo mwenye mashine inayosumbua leo alipata pa kuanzia. Meneja akipita pale angeona watu wanapoteza muda.

Miaka ya 1990 watafiti wa kampuni hiyo, wakishirikiana na mafundi wenyewe, walianzisha mfumo ulioitwa Eureka, ukaanzia Ufaransa. Fundi akigundua jambo, analiandika kwa ufupi na kulituma. Fundi mwenzake mwenye uzoefu analipima: je, ni kweli, ni jipya, halitaharibu mashine? Likipita, linasambazwa kwa wote, nalo linabeba jina la aliyelileta. Hapo napaona pana uongozi wa maarifa hasa. Anayeandika anamjua msomaji wake, kwa sababu ni mtu wa kazi moja naye. Anayepima anaijua kazi. Na heshima inamrudia mwenyewe. Sisi tuna mifumo ya kutunzia nyaraka yenye folda ndani ya folda, nywila zinazobadilishwa kila baada ya muda, na mtu wa TEHAMA anayesimamia. Hatuna mtu mwenye wajibu wa kusoma kilichoandikwa na kusema, hapana, hili si sahihi, lirudishwe.

Maarifa yanaweza pia kuwepo, yakaandikwa, na bado yasifike panapotakiwa. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, walikuwa na hifadhi ya mafunzo ya miradi yao, na Januari 2002 GAO hiyohiyo ilieleza kwamba mafunzo hayo hayakuwa yakishirikishwa ipasavyo miongoni mwa mameneja wa miradi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 16 Januari 2003, chombo chao cha angani, Columbia, kiliruka, na kipande cha povu gumu la kukinga joto kikagonga bawa lake la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliomba zipigwe picha za bawa lile. Picha hazikupigwa. Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika ikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafa. Tume ya uchunguzi ilisema wazi kwamba mengi yaliyosababisha ajali ya Challenger, chombo kingine cha NASA, mwaka 1986 yalikuwa bado yapo ndani ya shirika. Waliokuwa na wasiwasi walikuwepo na walisema. Njia ya kwenda juu ndiyo iliyoziba.

Nikisoma habari hiyo nafikiria vikao vyetu vya Jumatatu. Mkuu akianza kusema, kikao kimeisha. Tumelelewa hivyo, na heshima hiyo ina uzuri wake. Siwezi kutaka vijana wamkate mkubwa kauli mbele za watu. Mratibu mmoja niliyewahi kufanya naye kazi alipata njia isiyomvunjia mtu heshima: yeye alizungumza wa mwisho, na wa kwanza alikuwa dereva. Siku moja dereva akasema, "Hapo mnapotaka kupitisha bomba, greda la barabara hupachimba kila mwaka baada ya masika." Ilibidi njia ya bomba isogezwe upande wa pili wa mtaro wa barabara, na ikasogezwa kabla hata mtaro wa bomba haujachimbwa. Hakuna dodoso letu lililokuwa na swali la greda. Dereva alilijua kwa sababu yeye ndiye anayesubiri greda lipite.

Jambo jingine linalonitia wasiwasi ni kundi la WhatsApp. Kwa kweli mradi wetu umeendeshwa kule. Picha za mabomba yaliyopasuka, sauti za mafundi wakieleza, makubaliano ya bei za vipuri, vyote vimo kule, na vina faida kuliko ripoti zetu za robo mwaka. Simu ya mtu ikiibiwa, au msimamizi wa kundi akihama, vinapotea. Halafu humohumo mtu aliwahi kurusha orodha nzima ya kaya, majina, namba za simu, nani anadaiwa bili. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tangu Mei 2023, na orodha ile haikupaswa kuwa kwenye simu za watu wote wale. Kwa hiyo tunachopaswa kukitunza kinapotea, na tunachopaswa kukifungia kinazagaa. Nadhani kila mradi unahitaji mtu mmoja mwenye kazi hiyo, aliyeandikwa kwenye mkataba wake, mwenye saa za kuifanya. Ikiwa ni kazi ya kila mtu, haifanyiki.

Nilichofanya mimi ni hiki. Ule ukurasa mmoja na nusu nimeujaza kama unavyotakiwa, kwa uaminifu, na nimeambatisha maelezo mengine yaliyoandikwa kwa ajili ya fundi ajaye na kamati ya chombo cha watumia maji. Ni Kiswahili cha kawaida, hakuna vifupisho. Namna ya kulijaza bomba imo, hatua kwa hatua, kuanzia bondeni. Kabla ya kuyakamilisha nilimsomea mzee kwa sauti, aya kwa aya. Alinisahihisha mahali pawili. Nilikuwa nimeandika "fungua valvu robo mzunguko", akasema niongeze kwamba wakati wa kiangazi, chanzo kikipungua, hata hiyo robo ni nyingi. Pia akataka iandikwe kwamba kijana wa kilimani asiwe mtoto wa shule, maana kengele ikilia ataondoka.

Nimeomba pia kwamba mradi wa awamu ya pili, ukipatikana, uwe na fungu la kumlipa mzee kwa siku anazofundisha, akiwa kazini na kijana pembeni yake, misimu yote miwili ya masika na kiangazi. Mratibu amekubali kulipeleka ombi hilo.

Jibu la ofisi ya mfadhili kuhusu kiambatisho limekuja jana: kinaruhusiwa, ila jina la fundi liondolewe, kwa sababu ya kulinda taarifa binafsi. Wasiwasi wao naulewa, na kwenye orodha ile ya kaya ningeutetea mimi mwenyewe. Lakini hapa mwenye jina nimemuuliza, amekubali, na amesema anataka wajukuu wake walisome pale kwenye ofisi ya kijiji. Nimewaandikia kwamba nitaleta ridhaa yake kwa maandishi, na sahihi yake, na kwamba bila jina lile kijana atakayekuja hatajua aende kwa nani pale maandishi yatakapomwishia. Tuna kikao nao Alhamisi.