Nilivyohama kutoka chupa kwenda kegi, na mtungi ulioisha kwa siku mbili

Kilichonifukuza kwenye chupa ni visoda. Kila nikipika bia napata lita 19, na lita 19 zinataka chupa zaidi ya 50: uoshe, uue vijidudu, ujaze, halafu ubane kisoda kimoja kimoja kwa mkono. Jioni nzima inaisha hapo, na sakafu ya jiko inanata hadi kesho yake. Bado kuna wiki mbili za kungoja sukari kidogo uliyotia ichachuke ndani ya chupa itoe gesi. Mara moja nilizidisha hiyo sukari. Usiku wa manane chupa tatu zikapasuka kabatini, mke wangu akaruka kitandani akidhani ni risasi. Asubuhi akaniambia, "Baba Neema, chagua: bia au mimi." Alikuwa anatania, lakini si sana.

Naishi Minnesota ila nimezaliwa Marangu. Bibi yangu amepika mbege miaka yote na hakuwahi kuziba chupa hata moja. Ndizi na ulezi vikishachacha, watu wanakuja na kata zao na ndani ya siku chache imekwisha. Bia ya kimea na hopsi, yale maua yanayoipa uchungu, ina mambo mengi zaidi. Isipobanwa gesi yake inabaki maji machungu tu. Basi nikaanza kutafuta kegi, chombo kimoja kikubwa cha kubania bia yote pamoja na gesi yake.

Kegi za wapikaji wa nyumbani huku ni vyombo vya chuma kisichoshika kutu, vya galoni 5 (lita 19), vilivyotengenezwa kwa ajili ya soda za migahawani kabla sharubati ya soda haijaanza kuja kwenye mifuko. Nilinunua iliyotumika. Ilikuwa imara, ila ilinuka soda ya miaka, na harufu hiyo imo kwenye mipira, si kwenye chuma. Kuna oringi tano, yaani pete za mpira za kuziba: moja kubwa ya mfuniko, mbili za nje ya vichwa vya kuunganishia, na mbili ndogo zilizojificha kwenye mirija ya ndani. Nilitoa hewa yote kwanza, nikafungua, nikabadilisha zote. Gharama yake ni ndogo kuliko bia utakayomwaga kwa kuzidharau.

Jirani yangu wa Nakuru, ambaye kwao Kenya keg ni bia ya bei nafuu ya baa, alipoiona sebuleni alicheka hadi akakaa chini. "Boss, kumbe umeanza kuuza keg! Jagi ni pesa ngapi?" Nikamweleza kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1978 inaniruhusu kupika bia ya kunywa nyumbani, hadi galoni 200 kwa mwaka kwa nyumba yenye watu wazima wawili, ila kuuza hapana. Akasema basi vizuri, atakunywa bure.

Kujaza kulikuwa raha. Nilishusha bia kwa mpira hadi chini kabisa ya kegi isirukeruke na kuchanganyika na hewa, nikafunga mfuniko, nikaingiza gesi, kisha nikavuta kivalvu cha juu mara kadhaa kuifukuza hewa iliyobaki. Dakika ishirini, kazi imekwisha! Nikaweka kegi na mtungi wa gesi kwenye friji ya zamani iliyoko chini ya nyumba, nikapandisha regulata, kile kifaa cha kurekebisha nguvu ya gesi itokayo mtungini, hadi PSI 12 (PSI ni kipimo cha shinikizo), nikaenda kulala kama mfalme.

Siku ya pili mtungi ulikuwa mtupu.

Kilichoniponza ni ile saa ya pili ya regulata, yaani kipimo cha mshale kinachoonyesha shinikizo la ndani ya mtungi. Niliiangalia asubuhi, mshale umetulia, nikajua mambo safi. Kumbe gesi hiyo, kaboni dioksidi, humo ndani imekaa kama maji, na maadamu yapo hata kikombe, mshale hausogei. Ukiuona unaanguka, ujue umebakiza pumzi ya mwisho. Siku hizi napima mtungi kwa mizani, natoa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa shingoni, najua kilichobaki.

Ilikovuja? Kati ya regulata na mtungi panatakiwa washa, kipete kidogo bapa cha plastiki cha kuziba. Yangu niliikuta ndani ya boksi, bado imo kwenye kimfuko chake. Tangu hapo kila ninapounganisha gesi napaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha, na povu likijitokeza nakaza. Halafu naufunga mtungi saa chache nione kama mshale utashuka. Nafungua dirisha pia, maana gesi hii haina harufu na hulala chini.

Mtungi wa pili ulishika. Siku kumi kwenye nyuzi 3 za Selsiasi, PSI ile ile 12, bia ikawa na gesi ya kutosha. Wapo wanaopandisha hadi 30 kwa siku moja wanywe wikiendi hiyo hiyo. Nimejaribu, nikasahau kushusha, bia ikawa kali kama soda.

Glasi ya kwanza ilitoka povu tupu. Ya pili povu, ya tatu povu. Nilishusha gesi, haikusaidia. Kosa lilikuwa mpira wa bomba, mfupi kama mkono wangu. Bia inayosukumwa kwa PSI 12 inahitaji mpira mwembamba na mrefu wa kuipunguza mbio. Niliweka wa mita 3, nikaukunja juu ya kegi, na glasi iliyofuata ikatoka imetulia, povu vidole viwili.

Mashine ya kubania visoda nilimpa jirani aanze kupika yake. Hajaigusa. Jumamosi anashuka ngazi na glasi yake mkononi.