Lami ya mtaani inauliwa na maji, sio magari yenu

Kamati ya mtaa ikipata hela kidogo ya barabara za ndani, wazo la kwanza siku zote ni kupaka ile sili nyeusi ya juu (rangi nzito ya kuziba lami), lami inang'aa, watu wanapiga picha, halafu mvua zikinyesha mashimo yanarudi palepale. Mi nasema anzeni na nyufa na mitaro bana, sili itafuata kama hela imebaki.

Lami kwa uzito ni kama 95% kokoto na mchanga, bitumeni inayozishika ni karibu 5% tu. Jua na hewa vinaikausha taratibu, inatoka nyeusi inakuwa kijivu, inakuwa ngumu, inapasuka. Sasa ufa wenyewe sio shida sana, shida ni maji yanayopitia hapo mpaka kwenye kifusi cha chini, kifusi kikilowa kinalegea, gari ikipita lami inabonyea, kesho tena inabonyea, mwisho kipande kinang'oka na hapo ndo mnaanza kumlaumu mkandarasi. Mkiona nyufa zimeungana kama ngozi ya mamba, chini kumeshaharibika, kupaka juu ni kujidanganya tu, hiyo sehemu ikatwe yote, ichimbwe, ishindiliwe upya.

Ufa mmojammoja ni kazi ndogo. Toa majani, toa vumbi lote, pakauke kabisa, ndo umimine sili ya moto yenye mpira. Wanaomimina juu ya vumbi (na ni wengi jamani) wanakuta imebanduka yote. Viraka navyo hivyohivyo, fundi anamwaga lami shimoni, anapigapiga na koleo, anaondoka! Kingo zinatakiwa zikatwe zinyooke, shimo lisafishwe, lipakwe bitumeni nyepesi chini na ubavuni, halafu lami imwagwe, ishindiliwe kwa mashine. Na mtaro ukiwa umeziba usijisumbue na hayo yote, zibueni mtaro kwanza.

Kuhusu magari, msigombane na jirani mwenye gari ndogo tatu. Angalieni lori la taka. Majaribio ya barabara ya AASHO (chama cha maofisa wa barabara kuu za majimbo ya Marekani) yaliyofanywa Illinois, 1958 hadi 1960, yalionyesha kwamba ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ikibeba uzito mara mbili uharibifu unapanda kama mara 16, kwa hiyo lori likiweza kuchukua taka getini badala ya kuzunguka kila kichochoro, lami itadumu zaidi.

Mkifika kwenye sili ya juu, lami mpya iacheni miezi kadhaa kwanza, pakeni siku kavu isiyo na baridi, magari yasipite hapo angalau saa 24. Sili iliyotengenezwa na lami ya makaa ya mawe achaneni nayo, ina kemikali zinazoweza kuleta kansa, mji wa Austin, Texas uliipiga marufuku 2006. Na yule anayetengenezea gari lake barabarani aambiwe, dizeli inayeyusha bitumeni, ikimwagika afunike na mchanga hapohapo asisubiri jioni.